Tupeane uzoefu: mlipotofautiana na wazazi, au na watoto wenu, ni jambo gani hasa lililogombaniwa?

Mwanzisha mada:
Nilipoacha ajira ya kudumu nikiwa na miaka 29 ili nifanye kazi za mkataba, baba yangu alikaa miezi minane bila kunisemesha. Niliamini kwamba anaudharau uamuzi wangu. Siku alipokubali kuzungumza, hakuuliza ninalipwa kiasi gani. Aliuliza ni nani atakayenilipa nikiugua, na pensheni yangu itatoka wapi. Nilikuwa nimejiandaa kuutetea uhuru wangu, kumbe mzee alikuwa akizungumzia uzee. Hadi leo jibu langu ni nusu. Naomba nanyi msimulie yaliyowakuta, na tafadhali tusiishie kwenye "vijana wa siku hizi" na "wazee wamepitwa na wakati".

Mchangiaji wa kwanza:
Mimi niko upande wa pili, kwani ni mama wa watoto watatu. Nimelelewa katika nyumba ambamo neno la mkubwa halikuulizwa sababu, nami nikadhani hiyo ndiyo adabu yenyewe. Binti yangu wa kati alipokuwa na miaka 16, nilimkataza kulala kwa rafiki yake, naye akanijibu kwa upole kabisa, "Mama, sikatai, ila nieleze kwa nini." Nilimwadhibu kwa maneno hayo. Kilichoniudhi, nikisema kweli, ni kwamba sababu sikuwa nayo; nilikuwa nimelirithi katazo bila maelezo yake. Siku hizi hueleza, ingawa mara nyingine nikichoka hurudia "kwa sababu nimesema", naye hucheka.

Mchangiaji wa pili:
Kwetu ugomvi ni simu wakati wa kula. Baba ndiye anayezikataza, na yake ndiyo huwa ya kwanza kulia.

Mchangiaji wa tatu:
Naomba nitofautiane kidogo na waliotangulia, kwa kuwa kwetu kuelewana hakukuwahi kuwa tatizo. Nilipotaka kuoa mwanamke wa dini nyingine, wazazi wangu walinisikiliza mpaka usiku wa manane, wakazirudia hoja zangu vizuri kuliko nilivyozitoa mwenyewe, kisha wakasema hapana. Mwanasosholojia Karl Mannheim aliandika mwaka 1928 kwamba kizazi hakifanywi na umri peke yake, bali na matukio ambayo watu waliyapitia pamoja ujanani. Ninakubaliana naye, lakini hayo hayakunifaa kitu pale sebuleni, maana wao waliamini kwamba ndoa ni jambo la ukoo, mimi nikiamini kwamba ni la watu wawili, na katikati ya imani hizo hapakuwa na cha kugawana. Nilioa; hawakuja. Mjukuu alipozaliwa walikuja, wakakaa siku tatu, na habari ya harusi hakuna aliyeigusa. Huu ni mwaka wa sita, na bado haijaguswa.