AOD ya MODIS inapanda ghafla juu ya Ghuba ya Winam: ni moshi au data mbovu?

UpepoWaZiwa (Kisumu):
Wadau, hamjambo. Ninachakata AOD (kipimo cha jinsi erosoli, yaani chembe za moshi na vumbi hewani, zinavyozuia mwanga) ya MODIS, kihisi kilicho kwenye setilaiti za Terra na Aqua, bidhaa ya kilomita 3 (MOD04_3K ya Terra na MYD04_3K ya Aqua), kwa mstatili unaoshika Kisumu, ghuba, Ahero na Kakamega. Kuna mambo matatu sielewi. Juu ya ghuba, hasa karibu na mdomo wa mto Nyando, AOD iko juu karibu mwaka mzima, na ukivuka ufuo tu inashuka. Pili, Aprili na Mei pikseli ni za kuhesabu, na hizo chache zina thamani kubwa kuliko za Julai, wakati ambapo ningetarajia moshi wa Kongo. Tatu, kifaa cha PM2.5 (chembe ndogo sana za hewani) kilichoko mjini hakifuatani na AOD hata kidogo. Lengo langu ni kujua erosoli zinapunguza mwanga wa jua kiasi gani. Nianze kusafisha wapi?

PikseliSafi (Maseno):
Anza na maji. Dark Target, njia iliyotoa bidhaa yako ya kilomita 3, ina kanuni mbili, ya nchi kavu na ya bahari. Pikseli ikishahesabiwa kuwa maji hupelekwa kwenye kanuni ya bahari, ambayo hudhani kuwa chini kuna maji meusi ya kina kirefu na kwamba mwanga wowote wa ziada unaorudi juu umetoka kwa erosoli. Ghuba ya Winam haiko hivyo. Ni ya kina kifupi, inapokea tope la Nyando na Sondu, ina mwani, na juu yake kuna gugu maji linalohamishwa na upepo. Tope likirudisha mwanga, kanuni huandika erosoli. Kanuni hiyo ina kichujio cha tope, ila hakinasi kila kitu, na gugu maji ni baya zaidi: ni jani, linang'aa sana kwenye infraredi ya karibu, na leo liko Dunga, wiki ijayo liko Homa Bay. Hakuna ramani ya maji isiyobadilika itakayolifuata. Tupa ghuba yote pamoja na kilomita tatu au nne za ufuo.

Kisha hamia MCD19A2, bidhaa nyingine ya AOD ya MODIS inayotumia kanuni ya MAIAC, ya kilomita 1. Hapa wengi hukosea kabla hata ya kuanza. Ikweta inapita Maseno, na ndiyo mpaka wa vigae (vipande vya ramani ambavyo data hugawanywa). Kisumu, Ahero na Nakuru ziko h21v09. Kakamega, Mumias na Eldoret ziko h21v08. Ukipakua kimoja, nusu ya mstatili wako itakuwa tupu nawe utadhani ni mawingu.

Soma tabaka la Optical_Depth_055 (AOD kwa nanomita 550), ondoa -28672 (hiyo ni alama ya "hakuna data"), ndipo uzidishe kwa 0.001. Ukigeuza mpangilio huo utapata -28.672, na wastani wa mwezi utaharibika kimyakimya. AOD_QA (tabaka la ubora) nayo ni biti, si namba ya kulinganisha moja kwa moja:

(qa & 7) == 1, anga safi
((qa >> 3) & 3) == 0, nchi kavu
((qa >> 5) & 7) == 0, hakuna wingu jirani
((qa >> 8) & 15) == 0, ubora wa juu

Zote nne zitimie. Kwenye Google Earth Engine ni MODIS/061/MCD19A2_GRANULES, na unatumia rightShift na bitwiseAnd kwa namna ileile.

Mstari wa tatu ndio jibu la Aprili yako. Msimu wa mvua ndefu, pikseli "safi" ni vipenyo kati ya mawingu. Hapo unyevu huvimbisha chembe, ubavu wa wingu humwaga mwanga kwenye pikseli ya jirani, na vijiwingu vidogo kuliko pikseli hupita bila kukamatwa. Vyote vinapandisha AOD. Baada ya kuchuja utabaki na siku chache mno, na hilo ni sawa. Tumia mediani badala ya wastani, na kando ya kila mwezi andika idadi ya siku. Mwezi wenye siku tatu usiuchore kwa rangi sawa na wenye ishirini.

Usichanganye Terra na Aqua pia. Asubuhi mawingu ya usiku juu ya ziwa yanakuwa yakiisha. Alasiri upepo wa ziwa umeshayapandisha kwenye miinuko ya Nandi na Kericho. Hizo ni anga mbili tofauti. Saa 4:30 asubuhi na 7:30 mchana zinazotajwa kwa Terra na Aqua ni saa za jua. Kwa longitudo ya Kisumu, saa ya ukutani iko mbele kwa takriban dakika 41. Isitoshe, njia zao zimekuwa zikisogea: Terra inapita mapema zaidi, Aqua inachelewa. Soma Orbit_time_stamp ya kila tabaka (T ni Terra, A ni Aqua, saa ni ya UTC). Anayechora mwelekeo wa miaka mingi bila kuangalia hilo atapima kusogea kwa setilaiti akidhani anapima hewa.

BondeLaMenengai (Nakuru):
Kuhusu PM2.5: AOD ni jumla ya safu nzima ya hewa, kifaa chako kinaonja hewa ya mita chache tu. Moshi wa Julai na Agosti unaotoka mbali unaweza kupita kilomita kadhaa juu ya paa za Kisumu, setilaiti ikauona na kifaa kisipate kitu. Kinyume chake, moshi wa jikoni na wa magari jioni hujaa chini baada ya Aqua kupita. Linganisha kifaa ndani ya nusu saa kabla na baada ya setilaiti kupita, usitumie wastani wa siku, na uondoe saa zenye unyevu mkubwa, maana vifaa vya bei nafuu vya leza huhesabu matone kama vumbi.

Ukitaka kujua kama kuna moshi juu ya mawingu, tazama faharasa ya erosoli ya TROPOMI, kihisi cha setilaiti ya Sentinel-5P. Inatumia miali ya urujuanimno na huona moshi na vumbi hata kukiwa na wingu chini yake. Haikupi AOD, lakini itakuambia siku zipi usishangae. Mioto ya miwa ya Muhoroni na Mumias itafute kwenye alama za joto zinazonaswa na VIIRS, kihisi kingine cha setilaiti, kwa pikseli za mita 375, ingawa moto wa jioni ulioisha haraka hautaonekana.

Ukihakiki kwa AERONET, mtandao wa vipima-jua vya ardhini, data yake ina AOD ya nanomita 500 ilhali MODIS ni 550. AOD ya 0.40 kwa 500, na kipeo cha Angstrom (kinachoonyesha AOD inavyobadilika na urefu wa wimbi) 1.4, inakuwa 0.35 kwa 550. Usipobadilisha, setilaiti itaonekana inapunguza kumbe haina kosa.

UpepoWaZiwa:
Asanteni sana. Nimechuja, na ule mlima wa ghubani umetoweka. Sasa mionzi ya jua: NASA POWER, hifadhidata ya mionzi na hali ya hewa, inanipa namba ileile Kisumu na Kisii, siku kwa siku. Faili limeharibika?

MwangaMwembamba (Kakamega):
Faili ni zima. Mionzi ya POWER iko kwenye gridi ya nyuzi 1 kwa 1, na kisanduku cha 34 hadi 35 mashariki, 0 hadi 1 kusini kinabeba ghuba, Kisumu, Homa Bay na milima ya Kisii kwa pamoja. Haifai kulinganisha miji hiyo. Chukua huduma ya mionzi ya CAMS (huduma ya Ulaya ya kufuatilia anga), inayosoma mawingu kutoka setilaiti za Meteosat na kutoa thamani za kila dakika 15, pamoja na mionzi ya anga isiyo na wingu.

Kwa erosoli peke yake, sehemu ya mwanga wa moja kwa moja inayobaki ni exp(-AOD × m), m ikiwa unene wa hewa ambao mwanga hupitia, 1 jua likiwa utosini. AOD 0.5 jua likiwa utosini inabakisha asilimia 61. Jua likiwa nyuzi 60 kutoka utosini m ni 2, na inabaki asilimia 37. Hiyo ni hasara ya miali ya moja kwa moja kwenye nanomita 550 tu. Sehemu kubwa ya mwanga uliotawanywa bado hufika chini, kwa hiyo paneli iliyolala haipotezi kiasi hicho. Usimpe mteja hiyo 61 kana kwamba ni ya paneli.

Na ukichora mawingu ya Meteosat mwenyewe, kumbuka pembe. Setilaiti iliyoko juu ya longitudo nyuzi 0 inaitazama Kisumu kwa mshazari wa nyuzi 40 hivi, kwa hiyo kilele cha wingu la kilomita 12 kitaangukia kama kilomita 10 mashariki ya mahali kilipo. Ile ya Bahari ya Hindi, nyuzi 45.5 mashariki, inakosea chini ya kilomita 3, na kuelekea magharibi.