Mrejesho: jina Aino kwa binti yetu

Habari za siku, ndugu zangu. Mwezi uliopita niliuliza kama jina la Kifini Aino litamfaa binti yetu. Mama mkwe wangu wa Tampere alilipendekeza, ila mama yangu kule Tanga alisikia "aina" na hakulitaka. Asanteni sana mliojibu.

Aliyenielekeza kwenye Kalevala, utenzi wa taifa wa Ufini, amenisaidia kuliko wote. Kumbe Elias Lönnrot, aliyeunganisha mashairi ya mapokeo kuwa utenzi huo (1835, kisha 1849), alilipata jina kwenye maneno ya waimbaji "aino tyttönen", yaani binti wa pekee. Mlinisihi pia niusome mkasa hadi mwisho. Aino anakataa kuozwa kwa mzee Väinämöinen, anaishia kuzama majini. Nililia, na kwa siku mbili nilitaka tuliache kabisa. Kilichonirudisha ni kuona Wafini wenyewe hawakulikimbia: mke wa mtunzi wa muziki Sibelius aliitwa Aino, na msanifu majengo Aino Aalto vilevile.

Tumemsajili ndani ya miezi 3 tangu azaliwe: Aino Rehema.

Ushauri wa kumfundisha mama matamshi haukufaulu. Wafini hukaza mwanzoni, AI-no. Mama bado anasema a-I-no, na tumemwachia. Lakini alipoelezwa maana, maneno ya "aina" yaliisha siku hiyohiyo. Sasa anamwita "pekee wangu".

Siku ya jina hilo katika kalenda ya Ufini ni 10 Mei. Bibi ameshaahidi kupiga simu.