Wikiendi ya kufuma na kusokota: Miyuji, Hombolo, Mpwapwa au Kolo?

Fundi wa Kisasa

Habari zenu wapendwa. Mwaka jana tulikuwa tisa, tukajibana sebuleni kwa mwenzetu Ilazo, hapa Dodoma, siku mbili na tulifurahi sana. Mwaka huu wamejiandikisha kumi na wanne, sebule haitoshi tena. Nimezunguka wiki tatu kutafuta mahali, nimebaki na pa kuchagua panne na nimekwama. Naomba tushauriane.

Tarehe ninayopendekeza ni wikiendi ya tatu ya Julai, Ijumaa jioni hadi Jumapili mchana. Aprili mpaka Juni nimekwepa kwa sababu Bunge la bajeti linakuwa mjini na vyumba vinapanda bei. Mwanzo wa Agosti nao kuna maonyesho ya Nanenane pale Nzuguni, hupati hata kitanda. Tunachanga 90,000 kila mtu, nauli kila mmoja yake. Wanne wanatoka Dar, wawili Morogoro, mmoja Singida, tuliobaki ni wa hapa hapa.

Kila mtu aje na kazi yake mkononi, iwe sweta, kroshia au vitambaa vya makochi. Pamoja na hayo, Jumamosi tuwafundishe wale sita ambao hawajawahi kusokota pamba, na tuoshe zile kilo tatu za sufu mbichi ambazo dada yetu alileta kutoka Kenya. Kwa walio wapya: kondoo wetu wa huku wana manyoya mafupi yaliyolala kama ya mbuzi, hayasokoteki, ndiyo maana sufu tunaiona kwa nadra na sitaki tuiharibu.

Miyuji, hapa hapa mjini, kuna hosteli ya masista. Vyumba vya watu wawili wawili, 20,000 kwa kichwa kwa usiku, chakula wanapika wenyewe, ukumbi 50,000 kwa siku zote mbili. Geti linafungwa saa 3 usiku. Pazuri, ila ukitoka nje hakuna cha kutazama.

Hombolo kuna nyumba ya mtu binafsi upande wa bwawa, tungekuwa peke yetu. Bei ni nzuri kuliko zote na jioni maji yanapendeza mno. Chakula tungejipikia.

Mpwapwa kuna nyumba ya wageni ya kanisa, chini ya mlima Kiboriani. Baridi nzuri, miti, kimya. Kutoka hapa ni kama kilomita 120.

Kolo, kule Kondoa kwenye michoro ya mapangoni, kuna kambi ya mahema. Kwa kweli moyo wangu uko huko.

Mama wa Tabata

Asante dada kwa kujitoa. Mimi naongea kwa niaba ya sisi wa Dar. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024 safari imekuwa nyepesi, ukitoka mchana unafika jioni bila kuchoka. Lakini tukishuka hapo Ijumaa jioni, tupakie tena Mpwapwa au Kondoa? Tutafika usiku wa manane, Jumamosi tunaamka na macho mekundu, Jumapili saa 4 asubuhi tunaanza kukimbizana na treni ya kurudi. Wikiendi yote inaishia barabarani. Panapofikika kwa bajaji kutoka stesheni ndipo pananifaa.

Sindano Mbili

Swali langu ni moja kwa sehemu zote nne: viti vikoje?

Naomba lisichukuliwe kama jambo dogo. Anayefuma kwa sindano ndefu akikaa kwenye kiti chenye mikono, viwiko vinagonga kila mshono. Saa la kwanza unavumilia, saa la tatu bega linauma, usiku huwezi kuinua kikombe. Mwaka juzi nilikwenda kwenye mkutano wa akina mama wa ufumaji, sitaji wapi, walituweka kwenye makochi laini yanayomeza mtu. Nilifuma mgongo umepinda siku nzima, nikarudi nyumbani nikakaa wiki mbili bila kushika uzi. Kiti kinachofaa ni cha mbao, kigumu, hakina mikono, na miguu yote miwili inagusa sakafu. Wafupi kama mimi tuwekewe hata tofali chini ya miguu.

Na mwanga. Tuna watu wanaofuma nyeusi na bluu ya giza. Dirisha liko upande gani? Umeme ukikatika kuna jenereta au tunawasha tochi za simu?

Fundi wa Kisasa

Nimerudi Miyuji leo mchana nikatazame. Ukumbi una madirisha makubwa pande mbili, mashariki na kaskazini. Viti ni vya mbao, vya zamani, vya kukunja, havina mikono. Nimekaa dakika ishirini na sindano zangu, viko sawa. Jenereta ipo. Hombolo kuna makochi na mikeka. Kolo ni viti vya turubai vya kambi, unazama. Mpwapwa nimepiga simu, wana viti vya plastiki vyenye mikono.

Kijiti na Pamba

Dada Fundi, shikamoo kwa mzigo uliobeba. Niongeze la upepo, maana mimi ndiye nitakayefundisha pamba na Hombolo napajua.

Pamba yetu ina nyuzi fupi, ukivuta moja haifiki sentimita tatu. Kwa hiyo kinachoushika uzi ni msokoto mwingi na hewa isiyo kavu sana. Pamba ikipata unyevu kidogo inakuwa imara zaidi. Ikikauka inasimama nywele, inang'ang'ania vidole na nguo, ukivuta inakatika. Ndiyo maana viwanda vya nyuzi vinaweka unyevu hewani. Sasa fikiria Dodoma mwezi wa saba: hewa imekauka mpaka midomo inapasuka, na upepo ule unaoujua. Kwenye baraza ya Hombolo, bwawa liko mbele yako lakini upepo unakuja moja kwa moja usoni. Nilijaribu pale mwaka jana na vijana wawili. Kijiti cha kusokotea kinayumba, pamba iliyochanwa inapeperuka kama sufi, na vumbi linaingia kwenye uzi. Kwa nusu saa hatukupata hata mita mbili zinazoeleweka. Mmoja wa wale vijana aliniambia hana kipaji. Iliniuma, kwa sababu kosa lilikuwa la mahali nilipomkalisha.

Anayeanza anahitaji chumba kilichofungwa upande wa upepo, asubuhi mapema kabla jua halijapanda, na taulo lililoloweshwa likamuliwe, lifunike bakuli la pamba. Kando yake bakuli dogo la maji la kuchovya ncha ya kidole. Kwa hayo manne mtu anasokota uzi wake wa kwanza kabla ya chai.

Binti Kiboriani

Jamani mnaipita Mpwapwa haraka. Hewa yetu ina unyevu kuliko ya mjini na upepo mlima unaukinga. Viti naweza kuazima shuleni, vya mbao, ishirini hata thelathini. Ila hoja ya Mama wa Tabata siwezi kuipinga, kwa siku mbili safari ni ndefu. Mkifanya ya siku nne mwaka mwingine, njooni kwetu, nasimamia mwenyewe.

Bi Mkubwa wa Kondoa

Wanangu, hamjambo. Kolo ni nyumbani. Michoro ile iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006 na kila mgeni wangu nampeleka. Fundi mwanangu, naelewa moyo wako kuvutwa huko. Lakini nitawaeleza siku inavyokwenda. Mnafika ofisini pale, mnalipa, mnapewa mwongozaji. Gari linaingia njia ya vumbi, kisha mnapanda mlima kwa miguu, mawe na miiba, mpaka Mongomi, yalipo mapango yenye michoro. Mkitazama vizuri, mkapumzika, mkashuka, adhuhuri imepita. Miguu imechoka na mikono inatetemeka. Hapo nani atashika sindano? Na aliyekuja kufuma ataona vibaya kubaki kambini peke yake wakati wenzake wamepanda.

Kolo iwe safari yake yenyewe. Mje na madaftari mchore yale mapambo, mkirudi mfume sweta zenye twiga na watu warefu wa mapangoni. Nitawapikia.

Mnyiramba

Mimi ndiye yule mmoja wa Singida. Pamba mwachieni mimi. Mjomba analima Mkalama na Julai anakuwa ameshavuna, nitaleta kilo mbili ikiwa na mbegu zake. Ukitoa mbegu inabaki theluthi moja hivi, kwa hiyo tuhesabu gramu 600 na kitu. Kwa wanafunzi sita inatosha na kubaki. Mbegu tutazitoa kwa mkono: unaweka pamba juu ya ubao, unasukuma kipande cha nondo laini juu yake kama unasukuma chapati, mbegu inaruka mbele. Nitakuja na nondo mbili, nimezipiga msasa.

Dada Fundi, nyumba ya Hombolo umeshalipia chochote? Nauliza kwa sababu yalitukuta huko kwetu. Tulilipa kiasi chote miezi miwili kabla kwa mwenye nyumba mmoja, bila risiti, kwa kuaminiana. Wiki ya tukio akawapa watu wa harusi. Pesa ilirudi robo robo mpaka Desemba, na wawili kati yetu hawakujiunga tena. Popote tutakapokwenda, tulipe nusu tu, karatasi iandikwe tarehe na idadi ya vitanda, isainiwe.

Fundi wa Kisasa

Sijalipa popote. Na nusu ndivyo itakavyokuwa, asante.

Sindano Mbili

Bado maji. Maji ya bomba ya Dodoma yana chumvi, wote tunajua sabuni ya mche inavyogoma kutoa povu. Ukiosha sufu kwa sabuni ya mche na maji hayo, utapata utando wa kijivu unaonata kwenye kila unywele na hautoki. Nimeshaupata. Je, Miyuji wana tangi la mvua?

Fundi wa Kisasa

Wana simtanki mbili za mvua za lita 5,000, na sista anayesimamia jiko ameniambia Julai zinakuwa bado na maji. Ametukubalia lita 200.

Sindano Mbili

Basi kwangu imekwisha, ni Miyuji. Naomba mniachie kazi ya kuosha. Niwaelekeze kabisa ili kila mtu ajue anachoshika.

Sufu tutaigawa nusu kilo nusu kilo, kila fungu kwenye mfuko wa neti wa vitunguu. Maji yawe ya moto, ule moto ambao mkono unaingia na kutoka, nyuzi 60 hivi, kwa sababu mafuta ya kondoo yanayeyuka kwenye joto na maji yakipoa yanarudi kuganda kwenye sufu. Sabuni ni ya maji, ya vyombo. Mfuko unauzamisha taratibu, unauacha robo saa, unautoa. Husugui, hukamui kwa kusokota, hukorogi. Beseni la pili na la tatu ziwe na joto lile lile. Sufu ikitoka motoni ikaingia kwenye baridi huku inasuguliwa, inagandamana na kuwa kipande cha blanketi, na hapo hakuna dawa. Maji ya mwisho tunatia siki kijiko kimoja cha chakula kwa beseni.

Kilo tatu zitatoka pungufu ya mbili, msishtuke, iliyobaki ilikuwa mafuta na uchafu. Hapa ndipo ukavu wa Dodoma unapotusaidia: tukianika juu ya wavu, tukifunika wavu mwingine upepo usiibebe, tukianza Jumamosi saa 5, Jumapili asubuhi imekauka na tunaichana.

Mama wa Tabata

Maelezo haya nimeyanakili kwenye daftari. Geti kufungwa saa 3 usiku halitusumbui, nani atatoka na sindano mkononi? Sisi wa Dar tupo. Tutapitia Kariakoo kuchukua uzi wa sweta kwa wanaohitaji, nitumieni rangi na idadi ya madonge kabla ya Jumatano.

Fundi wa Kisasa

Nimewasikia, Miyuji. Hombolo nimempigia mwenye nyumba nikamshukuru. Nimeandika na hesabu. Malazi siku mbili 40,000. Chakula mara sita, kuanzia cha usiku Ijumaa hadi cha mchana Jumapili, 36,000. Masista wamekubali Jumamosi mchana iwe ugali wa uwele na mlenda. Ukumbi ukigawanywa ni kama 3,600. Inabaki 10,000 na kidogo kwa kila mtu, jumla kama 145,000, ya siki, sabuni, neti, kuni za maji ya moto, na nauli ya Mnyiramba ya mzigo wa pamba.

Jumamosi saa 1 asubuhi Kijiti anachukua wanafunzi ukumbini, madirisha ya mashariki yakiwa yamefungwa. Kuosha ni saa 4, ili saa 5 mafungu ya kwanza yawe juani. Mchana wote kila mtu na kazi yake. Sijaweka mada, sijaweka michezo. Mwaka jana tulichofurahia zaidi ni yale masaa ambayo hakuna aliyesema kitu, unasikia sindano tu.

Binti Kiboriani

Nakuja. Nina ombi. Bibi yangu yuko Mvumi, anasokota kamba za gamba la mbuyu kwa kiganja juu ya paja, tangu msichana. Nyuzi mbili anazipeleka mbele zote pamoja kwa kiganja, akirudisha mkono zinajisokota kuwa kamba moja. Macho yamepungua lakini mikono haijapungua. Naweza kuja naye Jumamosi? Hahitaji kitanda, nitarudi naye jioni.

Kijiti na Pamba

Tafadhali mlete. Mimi nitaacha kufundisha nikae chini nimtazame.

Fundi wa Kisasa

Mwambie bibi tunamkaribisha kwa mikono miwili, na nauli yake inatoka kwenye ile akiba. Kigoda kipo, nimekiona jikoni kwa masista. Muulize magamba yanalowekwa muda gani. Kama ni usiku mzima, tuletee vifungu vitatu Ijumaa, nitavitia maji mwenyewe kabla sijalala.