Naomba ushauri: Public Enemies, niimalizie au niachane nayo?
Wakuu, juzi nilianza kuangalia Public Enemies ya Michael Mann (2009), ile Johnny Depp kaigiza John Dillinger, mwizi wa benki wa Marekani miaka ya 1930. Nusu saa tu nikazima. Kofia, suti, magari, vyote vya zamani kweli, lakini picha ni ya kidijitali, kali mno. Risasi zikirindima usiku utadhani mtu anarekodi harusi ya jirani. Shemeji anabisha, eti hapo ndipo utamu ulipo, unajiona umo ndani. (Mke wangu alishalala, kama kawaida yake.)

Mwisho naujua: Dillinger aliuawa Chicago mwaka 1934 akitoka sinema. Mlioimaliza, kipande hicho kinalipa? Maana luku inasoma uniti nne.