Ushauri: mama anatoka Ujiji, nimpeleke wapi kaskazini-mashariki mwa Iowa?

MkeWaMjini: Wakuu, heshima kwenu. Mama mzazi anakuja kututembelea hapa Cedar Rapids katikati ya Oktoba. Amekulia Ujiji, ziwani, na kila nikimpigia ananiuliza, "Huko mna maji?" Mume wangu anataka tumpeleke Chicago akaone Ziwa Michigan. Mimi naona saa nne garini, halafu foleni za mjini, zitamtesa, maana magoti yanamsumbua. Tuna watoto wawili wadogo na pesa ya kawaida. Nataka akae karibu na maji, atulie. Niende wapi?

Mdau_Decorah: Chicago haihami, dada. Pandeni hadi McGregor, saa mbili hivi. Juu ya mji huo kuna hifadhi ya Pikes Peak (si ule mlima wa Colorado). Unaegesha, unatembea kidogo tu, na chini yako Mto Wisconsin unaingia Mississippi. Msitarajie mto mmoja uliosimama peke yake: ni visiwa vya miti na vijito vinavyopindapinda katikati yake, ukitazama kwa muda ndipo unaanza kuutambua mkondo mkuu. Wasafiri wa Kifaransa Marquette na Jolliet walitokea hapo na mitumbwi Juni 1673. Kiingilio hakuna. Oktoba majani yamegeuka rangi, kwa hiyo chumba wekeni mapema.

BintiUvira: Mkaribishe; ziwa letu ni moja, Tanganyika, mpe salamu zangu. Jirani na McGregor kuna Effigy Mounds, vilima vya udongo vilivyojengwa na wenyeji wa asili, vingine kwa umbo la dubu na ndege. Ni zaidi ya 200, na kwa makabila ya huku ni mahali patakatifu, kwa hiyo watoto wasivipande. Nenda kwa heshima ile ile ya makaburi ya wazee wetu.

Mdau_Decorah: Pazuri mno, ila njia ya huko ya kupanda hadi kileleni Fire Point ni mpando mkali. Kwa magoti hayo, hapana. Bora Decorah, maporomoko ya Dunning's Spring: mnatoka kwenye gari na maji mnayasikia. Yanabubujika kutoka ndani ya mwamba wa chokaa. Eneo hili barafu kuu ya zama za kale haikulisawazisha, ndiyo maana mnaona magenge na chemchemi badala ya mashamba tambarare ya mahindi.

Otieno_Iowa: Kama mama ni wa ziwani, atataka kuvua. Kambale wamejaa Mississippi. Lakini kila aliyefikisha miaka 16 anahitaji leseni, na mgeni anaweza kununua ya siku chache. Usimwache ashike ndoano bila hiyo, maofisa hupita. Mkishuka kusini, simameni Guttenberg kwenye lango la maji namba 10, muone matishari yakipandishwa na kushushwa. Watoto wangu walikataa kuondoka pale. Magharibi ikiingia punguza mwendo, swala wa huku hukatiza barabara ghafla, na mabondeni simu hukosa mtandao, pakua ramani kabla.

MkeWaMjini: Mungu awabariki. Mume amekubali: tunalala McGregor usiku wa kwanza, Decorah wa pili, turudi kupitia Guttenberg. Leseni ya mama naikata leo. Otieno, kambale wa huko wanakula chambo gani?

Otieno_Iowa: Nyungunyungu, au maini ya kuku. Maini yafunge na uzi, yasidondoke ukirusha.