Naomba ushauri: kura nyingi, viti vichache Wisconsin

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Kijana wangu wa kidato cha tano ana mdahalo kuhusu namna chama kimoja kinavyoweza kulishika bunge la jimbo kule Marekani. Nikajitia kumsaidia, sasa nimekwama mimi.

Nimechukua Wisconsin. Mwaka 2018 Democratic walipata takribani asilimia 53 ya kura za bunge la chini, wakaambulia viti 36 kati ya 99. Republican, waliochora mipaka ya maeneo ya uchaguzi mwaka 2011, wakabeba 63! Ujanja wenyewe naujua: wapinzani unawarundika maeneo machache, waliobaki unawatawanya wasishinde popote. Lakini wafuasi wa Democratic wamejazana miji ya Milwaukee na Madison kwa hiari yao, na viti kadhaa havikuwa na ushindani, hivyo hata hiyo 53 naitilia shaka kidogo.

Maswali yangu mawili. Mtu anatenganishaje athari ya mipaka na ya makazi ya watu? Na kwa kuwa kupindua kura ya turufu ya gavana (anapoukataa mswada) kunahitaji theluthi mbili, yaani 66, je, 63 tuuite utawala kamili, au wapinzani wake kwenye mdahalo watamkaanga mtoto?