Picha za zamani za ajali na mashindano ya magari: mwaka unajulikanaje, na zinaokolewaje?

Section58_Nakuru

Habari zenu wadau. Kuna katoni ya picha kutoka studio iliyofungwa hapa Nakuru, na inabidi zipangwe kabla hazijaharibika zaidi. Nyingi hazina maandishi. Zinazonitatiza ni hizi.

Moja ni Volkswagen Beetle iliyolala ubavu kwenye matope, watu wanaisukuma. Kioo cha nyuma ni kimoja, kidogo, umbo la yai. Boneti ina kibao, na neno linalosomeka ni "Coronation" peke yake. Nyingine ni gari refu la kizamani lililopinduka kando ya barabara ya vumbi: spoku za mbao, radieta inang'aa, gurudumu moja la mbele limesambaratika. Kuna postikadi ya gari lililopondeka kwenye mti, imeandikwa "Paris-Madrid 1903". Halafu kuna gari la mashindano linapita kasi, lakini magurudumu yake yameinama mbele na watazamaji wameinama upande wa pili. Hiyo imechezewa?

Mbali na hizo, kuna picha zilizogandana na kioo cha fremu, nyingine zina ukungu, na kuna bahasha ya negatifu inayonuka siki. Naomba mnieleze hatua kwa hatua, na nianze na ipi.

Boneti_Londiani

Kanuni ya kushika kabla ya yote: gari linakuambia picha haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka fulani. Halikuambii ni ya mwaka gani hasa, kwa sababu huku gari liliendeshwa miaka mingi baada ya kutoka kiwandani. Mwisho wa kipindi utafute kwenye vitu vingine.

Beetle yako ina ushahidi mzuri. Hadi Machi 1953 kioo cha nyuma kilikuwa kimegawanywa katikati na utepe wa chuma. Kikafuata hicho cha umbo la yai hadi katikati ya 1957, kisha modeli ya 1958 ikaja na kioo kipana cha mstatili. Kwa hiyo gari si la kabla ya 1953. Kibao ndicho kinachofunga upande wa pili. Coronation Safari ya kwanza, yaani mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, iliendeshwa kuanzia 27 Mei hadi 1 Juni 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Jina hilo lilitumika hadi 1959. Mwaka 1960 likawa East African Safari, na 1974 likabaki Safari Rally. Umeshapata kati ya 1953 na 1959 bila kuuliza mtu.

Kupunguza zaidi, tafuta nambari ya kuanzia mlangoni. Kama kuna herufi karibu nayo, inakili pia: katika rali za mwanzo madaraja yalipangwa kwa bei ya gari, si kwa ukubwa wa injini. Ukiwa na nambari na nambari ya usajili, linganisha na orodha za washiriki kwenye magazeti ya wakati ule. Nakala za East African Standard zipo Nyaraka za Kitaifa na Maktaba ya McMillan, Nairobi. Usiseme "ndiye mshindi" eti kwa sababu ni Beetle. Ni kweli Vic Preston na D. P. Marwaha walishinda 1954 kwa Beetle, lakini Beetle zilikuwa nyingi kila mwaka.

Lile gari refu, tazama ukingo wa radieta. Kama ni Ford Model T na radieta inang'aa kwa shaba, ni la 1916 kurudi nyuma. Kuanzia modeli ya 1917 ukingo ulipakwa rangi nyeusi. Taa za umeme za mbele zilianza modeli ya 1915, kwa hiyo ukiona taa za gesi umerudi nyuma zaidi.

Gurudumu lililosambaratika ndilo ningelitazama kwa lenzi. Spoku za mbao hukauka na kusinyaa kwenye hali ya hewa kavu, zinaanza kucheza kwenye kitovu, na gari likiteleza ubavu nguvu yote inaangukia gurudumu la nje. Spoku zinakatika karibu na kitovu, ukingo unakwenda zake, ekseli inachimba chini na gari linapinduka. Ukiona spoku zimekatika zote karibu na kitovu na ukingo wa chuma haujapindana sana, kuna uwezekano mkubwa gurudumu lilivunjika kwanza na gari likapinduka baadaye. Ukingo ukiwa umepondeka, huenda liligonga kitu. Model T haikuwa na breki za magurudumu ya mbele, na kioo chake cha mbele kilikuwa cha kawaida kama cha dirisha la nyumba, kinachovunjika kwa vipande vyenye makali. Ndiyo maana katika picha za enzi ile ajali ya mwendo mdogo inaonekana mbaya kuliko ulivyodhani.

Shata_Kisumu

Hiyo ya magurudumu yaliyoinama haijachezewa hata kidogo. Ni kazi ya shata ya pazia (shata ni sehemu ya kamera inayofungua na kufunga njia ya mwanga).

Kamera kubwa za waandishi wa habari, kama Graflex, zilikuwa na pazia la kitambaa lenye ufa mwembamba wa mlalo, linaloshuka mbele ya filamu au bamba la kioo. Picha ndani ya kamera iko kichwa chini, kwa hiyo ufa unaposhuka kutoka juu, kinachopigwa kwanza ni chini ya gurudumu na kinachomalizia ni juu yake. Katikati ya hapo gari limeshasogea. Sehemu ya juu inanaswa ikiwa mbele ya sehemu ya chini, na duara linageuka yai lililoinama kuelekea linakokwenda gari. Watazamaji wameinama kinyume kwa sababu mpiga picha alikuwa akiizungusha kamera kulifuata gari, na yeye hakwenda kasi ya kutosha kulifikia. Angelifikia sawasawa, gari lingesimama wima na watu peke yao ndio wangeinama.

Mfano maarufu kuliko yote ni picha ya mpiga picha Mfaransa Jacques Henri Lartigue ya mashindano ya Grand Prix ya Ufaransa, ambayo yeye mwenyewe aliiona imeharibika na ikakaa miaka mingi bila kuchapishwa.

Kwako hii ina faida: kamera za kukunja za familia na Rolleiflex zina shata ya vipande ndani ya lenzi, hazipindi gurudumu hivyo. Leica na nyingi za milimita 35 za zamani zina pazia linalokwenda kando, hizo hurefusha gari au kulifupisha, haziliinamishi. Kwa hiyo picha yako ilipigwa na mtu mwenye kamera ya kazi. Tafuta mhuri wa gazeti au wakala nyuma yake. Mhuri uliofifia huonekana ukiinua tochi ubavuni, mwanga upite juu ya karatasi karibu sambamba nayo.

Posta_Kakamega

Postikadi: igeuze. Nyuma ikiwa na mstari katikati, ujumbe upande mmoja na anwani upande wa pili, basi kwa Ufaransa ilichapishwa kuanzia mwisho wa 1903, yaani miezi kadhaa baada ya ajali yenyewe. Nyuma ikiwa ya anwani pekee, una nakala ya siku zile zile, na hiyo itunze kwa namna ya pekee.

Mashindano hayo ya Paris-Madrid yalianza Versailles 24 Mei 1903 na yakasimamishwa Bordeaux siku hiyo hiyo kwa sababu ya vifo. Magari zaidi ya 200 yaliachiwa kwenye barabara za kawaida, katikati ya umati wa watu, kwenye vumbi ambalo dereva wa nyuma haoni kitu. Dereva Marcel Renault alipata ajali karibu na Couhé-Vérac na kufariki siku mbili baadaye. Lile la mti linalopigwa sana kwenye kadi ni gari la De Dietrich la dereva Loraine Barrow, aliyegonga mbwa kisha mti karibu na Libourne. Fundi wake alikufa pale pale. Linganisha nambari iliyoandikwa kwenye gari kabla ya kuandika jina. Hawa ni watu waliokufa, maelezo yasikosewe.

ChumbaChaGiza

Kabla ya kusafisha chochote, skani. Ukiharibu baadaye, angalau sura imebaki.

Picha za karatasi dpi (nukta kwa inchi) 600; zile ndogo za sentimita 6 kwa 9 zipe 1200. Negatifu za 6 kwa 6 zipe 2400. Hifadhi kama TIFF (faili isiyopunguza ubora wa picha), biti 16, bila skana kunoa wala kuondoa madoa yenyewe, kwa sababu programu huona matone ya matope kama vumbi na kuyafuta. Skani na upande wa nyuma.

Vumbi: pampu ndogo ya mpira kwanza, halafu brashi laini ya manyoya ya mbuzi. Usipanguse kwa kitambaa. Vumbi la Nakuru lina majivu ya volkeno, chembe zake zina ncha na zitachora jelatini (tabaka la juu linaloshika sura) mistari ambayo haitoki.

Ukungu: tenga hizo picha, ziache zikauke mahali penye hewa na kivuli, kisha ondoa kwa brashi nje ya nyumba ukiwa na barakoa. Maji hapana. Ukungu hula jelatini na kuifanya iyeyuke, ukilowesha sura inaondoka na maji.

Zilizogandana na kioo, usibandue. Weka kioo chenyewe juu ya skana, upande wa picha ukitazama chini. Wengi watakushauri uloweke. Usikubali: picha yenye ukungu ndani, ambao huuoni, itakufia mkononi.

Negatifu zinazonuka siki ni za asetati (aina ya plastiki ya filamu) inayooza, na mvuke wake huozesha za jirani. Zitoe kwenye plastiki, kila moja bahasha yake ya karatasi, mbali na nyingine. Zikishaskaniwa, bahasha zote ndani ya mifuko miwili ya kufunga, kisha friji. Ukizitoa, acha zipate joto la chumba siku nzima kabla ya kufungua mfuko, vinginevyo umande utatua juu yake. Soma ukingo wa filamu: "SAFETY" ni salama, "NITRATE", au filamu isiyo na neno iliyogeuka njano na kunata, iweke mbali kabisa na jiko na taa ya moto. Hiyo hushika moto haraka na hauzimiki kirahisi.

Maandishi nyuma ni penseli ya 2B, pembeni. Kalamu ya wino, selotepu na mipira ya kufungia vyote viondoke kwenye katoni leo.

Section58_Nakuru

Asanteni sana. Nimeongeza moja: Peugeot yenye mapezi nyuma, maji yamefika kwenye taa. Nyuma kuna penseli: "saba tu walimaliza". Ni 1963?

Boneti_Londiani

Usikimbilie. Mapezi yanasema ni 404, iliyotoka 1960. Lakini katika Safari saba walimaliza mara mbili: 1963 kati ya 84, na 1968 kati ya 93. Na miaka yote miwili walioshinda ni Nick Nowicki na Paddy Cliff, wote kwa 404. Penseli haikusaidii kuchagua.

Tazama magari mengine ndani ya fremu. Ford Cortina yenye taa za nyuma za duara zilizogawanywa sehemu tatu ni ya toleo la kwanza, inafaa miaka yote miwili. Cortina ya toleo la pili, ya umbo la kisanduku, ilitoka mwishoni mwa 1966; ukiiona, umepata 1968. Vivyo hivyo Datsun 1600. Halafu papasa karatasi yenyewe: ikiwa laini kama plastiki pande zote mbili, ni nakala iliyosafishwa upya mwishoni mwa miaka ya 60 au baadaye, hata kama tukio ni la 1963.

Posta_Kakamega

La kisheria kwa ufupi: hapa Kenya hakimiliki ya picha hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ilipopigwa, kutolewa kwa umma au kuchapishwa, ule wa mwisho kati ya hiyo. Picha ya 1963 ambayo haijawahi kutolewa popote inaweza kuwa bado na mwenyewe, kwa hiyo mtafute mrithi wa studio kabla ya kuiweka mtandaoni. Na zile zenye sura za majeruhi wa hapa kwetu, andika tarehe na mahali, majina yaache hadi familia ikubali.